Makarte ya kwanza ya Pokémon: mwongozo kamili kwa mwenye boksi ya zamani ku nyumba

Kila likizo kubwa ikifika hapa Lubumbashi kuna mtu ananiletea boksi. Boksi ya viatu, mfuko wa plastiki, mara nyingine kaye ya shule yenye makarte yamebandikwa na skochi, na swali ni lile lile, yaya, hii inauzwa ngapi? Mi nachukua karte, naisogeza karibu na macho, na siangalii picha hata kidogo, nasoma mistari midogo kabisa ile ya chini. Mwenye boksi anakasirika, anasema angalia Dracaufeu kwanza, lile joka la moto! Hapana. Dracaufeu amechapwa mara nyingi sana toka 1999 mpaka leo, mistari ya chini njo inakwambia uko na yupi mkononi. Basi nimeamua kuandika yote fasi moja, kwa mtu mwenye makarte ya zamani na hajui aanzie wapi.

Ujue kwanza yalivyofika kwetu

Mchezo wenyewe, ule wa makarte yenye wanyama wa kubuni wanaoitwa Pokémon, ulitoka Japani Oktoba 1996. Kiingereza kilitoka Marekani Januari 1999, kampuni iliyochapa ni Wizards of the Coast, wale wale wa Magic, mchezo mwingine wa makarte, na wao njo walichapa pia Kifaransa na lugha zingine za Ulaya. Walishika hiyo kazi mpaka 2003. Kwa hiyo mtu akisema "makarte ya kwanza" anamaanisha yale yenye neno Wizards pale chini.

Huku kwetu yaliingia kwa milango miwili. Ya Kifaransa yalitoka Ubelgiji na Ufaransa, kwenye masanduku ya watantini na wayomba walioenda likizo Poto, yaani Ulaya, na kurudi, au ndani ya vitu vya watoto wa huko vilivyotumwa nyumbani. Ya Kiingereza yalipanda kutoka kusini, Johannesburg, Lusaka, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Ndiyo maana katika boksi moja ya Katuba, komini yetu hapa mjini, unaweza kukuta Dracaufeu na Charizard wamelala pamoja na mwenye boksi anafikiri ni wanyama wawili tofauti. Ni mmoja. Tortank ni Blastoise, Florizarre ni Venusaur, Leveinard ni Chansey, Mackogneur ni Machamp, Léviator ni Gyarados, Électhor ni Zapdos, Ronflex ni Snorlax. Hilo shika kichwani juu ukienda kutafuta beyi na jina la lugha nyingine utapata beyi ya karte nyingine.

Hatua ya 1: meza, mikono, mwanga

Nawa mikono na uikaushe vizuri. Tandika kitambaa safi mezani, usifanyie chini ku simenti na usifanyie nje kwenye kiangazi, lile vumbi letu jekundu likipita kati ya karte mbili linakwaruza sawa msasa. Kama yamefungwa na elastiki, kata elastiki na makasi, usiivute. Karte chafu usiipanguse na maji, usiipanguse na alkoli wala mate, iache vile iko. Tafuta na tochi ya simu, utaihitaji sana.

Hatua ya 2: soma chini

Sasa chukua karte moja, tuseme ya Kiingereza, uangalie ukingo wa chini kabisa. Utaona mwaka 1995. Na hapa njo watu wanapotea, wanapiga simu usiku eti niko na karte ya 1995! Hiyo 1995 ni mwaka wa haki za Nintendo, Creatures na GAMEFREAK juu ya wanyama wenyewe, haiko mwaka wa kuchapwa. Karte za Kiingereza za 1995 hazipo. Mwaka wa kufuata ni ule ulio karibu na neno Wizards.

Kwa seti (kundi la makarte yaliyotoka pamoja) ya kwanza ya Kiingereza, ile inaitwa Base Set, soma herufi kwa herufi. Ukikuta 1995, 96, 98, 99 kisha 1999 Wizards, yaani hiyo 99 inajirudia mara mbili, uko na karte ya machapisho ya mwanzo, tulia. Ukikuta 1995, 96, 98 halafu 1999 Wizards, hiyo 99 ya kati haipo, ni chapisho la kawaida lililofuata, lile lilichapwa kwa wingi sana. Na kuna moja la mwisho lenye 1999-2000 Wizards, watu wengi hawalijui na rangi zake zinaonekana tofauti kidogo, wengine wanafikiri ni bongo, yaani ya uongo, kumbe ni ya kweli.

Ukikuta 2016 pale chini na namba 11/108, yaani karte ya 11 katika seti ya 108, huyo Charizard ni wa seti ya Evolutions, walimchora sura ya zamani makusudi. Ukikuta namba 4/102 kabisa, ile ile ya mwaka 1999, lakini kuna kialama kidogo cha 25 na mwaka 2021 chini, hiyo ni ya Celebrations, ya kusherehekea miaka 25. Ni karte nzuri, mi niko nayo na naipenda, lakini usimuuzie mtu kama ya zamani na usikubali kuuziwa vile.

Kama karte haina namba ya sehemu kama 4/102 na mgongo wake hauko ule wa bluu tuliozoea, angalia kama ni ya Kijapani. Makarte ya Japani ya mwanzo yalikuwa na mgongo wao peke yao, na namba ya mnyama ku kona. Usizitupe eti ni bongo.

Hatua ya 3: muhuri, kisha kivuli

Chini ya picha, upande wa kushoto, tafuta kiduara cheusi chenye namba 1. Kwa Kiingereza kimeandikwa Edition, kwa Kifaransa ÉDITION. Kwenye makarte ya Dresseur, ile ya Kiingereza inaitwa Trainer, muhuri uko chini kushoto ya karte. Hiyo ni toleo la kwanza, na muhuri huo peke yake unaweza kupandisha beyi mara nyingi kwa karte ile ile.

Kisha kivuli, na hii ni kwa Base Set ya Kiingereza. Fremu inayozunguka picha, ku upande wa kuume na chini, kwenye karte za kawaida iko na kivuli cheusi, kama vile picha imeinuka juu ya karatasi. Kwenye zile za mwanzo kivuli hakuna, na herufi za HP (uhai wa mnyama, kwa Kifaransa PV) ni nyembamba zaidi. Weka mbili pembeni pembeni utaona mara moja, ukiwa na moja peke yake utajidanganya. Za Kifaransa usizipime na kivuli, zipime na muhuri ÉDITION 1 na hali yake.

Nije kwa Machamp, juu huyu amekula makuta ya watu wengi na yangu pia. Mwaka 2014 mtu aliyetoka kusini alinionesha Machamp 8/102 ya Kiingereza, inang'aa, muhuri wa toleo la kwanza wazi kabisa. Nikatoa dola 40 bila kuuliza kitu, na siku ile dola 40 kwangu ilikuwa kodi ya nyumba. Kisha nikajifunza: Machamp huyo hakuwa anatoka kwenye paketi za kawaida, alikuwa anatiwa ndani ya boksi ya kuanzia ya wachezaji wawili, na muhuri wa toleo la kwanza aliendelea kubaki nao hata maboksi yaliyochapwa baadaye. Kwa hiyo wako wengi dunia nzima. Mwenye thamani ya kweli ni yule asiye na kivuli. Wangu alikuwa na kivuli. Ukioneshwa Machamp, acha muhuri, angalia kivuli.

Mwingine wa kuangalia karibu ni Pikachu 58/102. Mashavu. Wengi wako na mashavu ya manjano, wachache wa machapisho ya mwanzo wako na mashavu mekundu. Ni karte ya kawaida, ile ya alama ya duara, watoto walizitumia mpaka zikachanika, kwa hiyo pitisha Pikachu wote mmoja mmoja mbele ya tochi.

Hatua ya 4: panga kwa seti

Base Set haina alama yoyote ya seti, na jumla ni 102. Seti zingine zina kialama chini ya picha upande wa kuume. Jungle ni ua, jumla 64. Fossil ni mfupa, jumla 62. Team Rocket ni herufi R, jumla 82. Pembeni ya namba kuna alama ya wingi: duara ni ya kawaida, almasi ni ya kati, nyota ni adimu. Tenga nyota kwanza, kisha tenga za kung'aa, yaani holo.

Holo za Base Set ni 16, namba 1 mpaka 16, ni rahisi kukumbuka: kama namba ya kushoto imepita 16, haiko holo ya Base Set. Mfalme ni Dracaufeu 4/102, mchoro wa Mitsuhiro Arita, PV 120, shambulio la 100 lakini ukilipiga unatupa enerji mbili, yaani makarte ya nguvu. Tortank 2/102 na Florizarre 15/102 wanamfuata, kisha Leveinard 3/102, Mewtwo 10/102, Raichu 14/102, Électhor 16/102.

Nataka kusimama hapa kidogo, juu kuna kitu wauzaji hawasemi. Dracaufeu ni ghali juu ya mapenzi, haiko juu ya nguvu. Wachezaji wa wakati ule walikuwa wanashinda na vitu vingine. Tortank alikuwa hatari kweli, uwezo wake unakuruhusu kumtilia Pokémon wa maji enerji za maji nyingi kama unavyotaka wakati wengine wanatia moja kwa zamu. Hitmonchan 7/102, yule Tygnon, kwa enerji moja tu anapiga 20, ukimtia pamoja na Electabuzz na Scyther wa Jungle unapata deki ya kuchosha adui, walikuwa wanaiita Haymaker. Na makarte ya watu, yale watoto wetu walitupa juu hayana mnyama: Professeur Chen, unatupa mkono wako wote unachukua 7 mpya, na Léo, unachukua 2 bila kulipa kitu. Hayo mawili njo yalikuwa moyo wa mchezo. Beyi yao ni ndogo, lakini ukitaka kufundisha mtoto mchezo wa zamani vile ulichezwa, usiyauze.

Jungle: Pyroli 3/64, Voltali 4/64, Ronflex 11/64, Aquali 12/64. Kuna kosa la kiwanda, holo za Kiingereza zilizotoka bila alama ya ua, na wakusanyaji wanazitafuta. Ukikuta karte ya kung'aa bila alama lakini jumla ni 64, ni hiyo. Fossil: Dracolosse 4/62 na Ectoplasma 5/62, huyu wa pili sura yake tu inatosha.

Team Rocket ya 2000 iko na Dracaufeu obscur 4/82, na Dark Raichu 83/82. Soma tena hiyo namba, 83 juu ya 82. Hawakukosea, ni karte ya siri, ya kwanza ya namna ile kwa Kiingereza, watu walifungua paketi hawajui kama ipo. Toka hapo kila ukiona namba ya kushoto imepita ya kuume, iweke pembeni mara moja. Njo utapata Shining Gyarados 65/64 wa Neo Revelation, Shining Magikarp 66/64, na Shining Charizard 107/105 wa Neo Destiny. Gym Challenge iko na Blaine's Charizard 2/132, Neo Genesis iko na Lugia 9/111, na Lugia huyo ni vigumu sana kumkuta bila doa.

Base Set 2 ya mwaka 2000 ni marudio, jumla 130, alama yake ni namba 2 na mpira wa Pokémon. Charizard wake ni 4/130. Ana thamani, lakini haiko ile ya 4/102.

Hatua ya 5: tosha za bongo

Ku soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, na pembeni ya mashule kuna makarte ya dhahabu, plastiki ngumu inayong'aa mbele na nyuma. Kwenye seti za Wizards hakuna karte ya namna hiyo, mpe mtoto acheze. Angalia PV: katika Base Set yote hakuna anayepita 120, kwa hiyo sura ya zamani yenye PV 250 ni bongo bila mjadala. Angalia kama neno Pokémon limeandikwa na é yake. Angalia mgongo, bluu ya kweli ni nzito na ina mawingu mawingu, ya bongo inapauka au inaenda ku zambarau. Holo ya Base Set inang'aa ndani ya picha tu, na ukingo wa manjano unabaki karatasi ya kawaida.

Kisha tochi. Weka simu nyuma ya karte unayojua ni ya kweli, hata ya kawaida kabisa, uone mwanga unavyopita. Weka ile ya mashaka. Ya kweli iko na tabaka jeusi katikati ya karatasi linalozuia mwanga, na ukiangalia ukingo wake kwa kioo cha kukuza unaona kamstari keusi kembamba. Ya bongo mara nyingi inawaka kama taa. Pima pia ukubwa, milimita 63 kwa 88. Usichane karte kupima, kuna watu wanafanya hivyo na wanachana ya kweli.

Hatua ya 6: hali yake

Karte mbili sawa, muhuri sawa, moja dola 10 na nyingine dola 200, tofauti ni hali tu. Vitu vinne: pembe nne, kingo, uso, na picha iko katikati ya ukingo wa manjano ama imeegemea. Geuza nyuma kwanza, juu weupe wa kuchakaa unaonekana vizuri ku bluu. Kisha inamisha mbele ya tochi polepole, mikwaruzo ya holo inatokea ukiangalia kwa pembeni tu. Ile Charizard iliyouzwa dola 420,000 Machi 2022 ilikuwa toleo la kwanza, bila kivuli, na ilipewa 10 kwa 10 na PSA, kampuni inayopima hali ya makarte. Iliyolala mfukoni kwa mtoto mwaka mmoja haiko ndugu yake.

Na tafadhali, tafadhali, usiplastifie. Ndugu yangu mdogo alikuwa na Tortank ÉDITION 1, safi, tantini alimletea kutoka Bruxelles. Alitaka kuilinda, akaenda kwa mtu wa fotokopi karibu na soko, wakaipitisha mu mashine ya moto sawa karte ya uchaguzi. Ilitoka nzuri, ngumu, inang'aa, alifurahi kabisa. Lakini gundi ilishika wino, ukivuta plastiki inakuja na picha. Iko bado kwangu, naitunza juu ya tantini aliyefariki, kwa muuzaji haina beyi tena. Alifanya kwa upendo na hakuna aliyemwambia, ndiyo sababu naandika hii.

Skochi pia hapana, agrafu hapana. Yale yaliyobandikwa tayari ku kaye, kata karatasi kuzunguka karte uache vile, usivute.

Hatua ya 7: kuyatunza hapa kwetu

Kila karte nzuri iingie mu posheti laini ya makarte, kisha ile ngumu ya plastiki. Ukikosa, agiza na mtu anayesafiri, ni rahisi. Usitumie plastiki laini za vitabu vya shule zinazonuka, hizo ni PVC, na kwa joto zinashika uso wa karte. Novemba mpaka Aprili mvua inapiga na hewa inakuwa na maji, holo zinajikunja sawa chipsi, kwa hiyo tia ndani ya boksi inayofunga vizuri na vile vipaketi vya punje unavyokuta mu viatu vipya. Kiangazi ni vumbi, boksi ibaki imefungwa. Mbali na dirisha, mbali na jiko la makala, na usiweke chini, weka juu ya kabati.

Hatua ya 8: beyi na kuuza

Beyi mtu anayoitisha haiko beyi. Ku eBay chagua zile zilizouzwa tayari, angalia tano au sita zenye lugha ile ile, muhuri ule ule na hali ile ile, uchukue ya katikati. Kwa makarte ya Kifaransa angalia Cardmarket, ni soko la Ulaya, unaweza kuchuja lugha na hali. Usilinganishe Dracaufeu wako wa Kifaransa na Charizard wa Kiingereza bila kivuli, utajiumiza roho bure.

Kutuma PSA ili wapime, fikiria gharama ya kutuma, kupima na kurudisha. Kwa Dracaufeu ÉDITION 1 safi inaweza kulipa. Kwa Ronflex aliyechakaa hapana.

Kabla ya kumpa mtu yeyote karte yako, hata ndugu, piga picha mbele, nyuma, pembe zote nne, na mistari ya chini ikisomeka. Andika namba ya karte, seti, lugha, muhuri, na kasoro zote hata ndogo. Mnunuzi wa mbali anataka hizo picha hata hivyo, na siku karte inarudi utaweza kujua kama ni ile ile. Ukituma na msafiri, tia kati ya vikartoni viwili vigumu, funga na skochi ku kartoni tu isiguse posheti, na umwambie atie mu mfuko wa mkononi, isiende mu sanduku la chini ya ndege. Ukiuza hapa mjini, kutaneni mchana fasi yenye watu, mnunuzi aje na tochi yake na we na yako, na msome mistari ya chini pamoja mbele makuta hayajatoka mfukoni.